Matairi ya Bei Nafuu kwa Gari Linalovutwa na Magurudumu ya Mbele: Yapi Ununue, Yapi Uyaache

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayotembea Dar es Salaam, Nairobi na miji mingine ya Afrika Mashariki, kama vile Vitz, Passo, IST, Premio na Honda Fit, huvutwa na magurudumu ya mbele. Injini na giaboksi vimekaa mbele, hivyo takribani asilimia 60 ya uzito wa gari hulalia matairi mawili ya mbele, na hayo hayo ndiyo yanayolivuta gari, yanayokata kona na yanayobeba kazi kubwa dereva anapokanyaga breki. Kwa sababu hiyo matairi ya mbele huwa vipara wakati ya nyuma bado yana kashata (vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara) za kutosha, na wengi wetu hununua matairi mawili mawili badala ya manne kwa mpigo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mnunuzi huyo, ambaye ana fedha ya matairi mawili tu na hana nafasi ya kuipoteza.

Kabla ya kuuliza bei, fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo yake. Usitegemee kipimo cha tairi lililomo kwenye gari, kwa kuwa huenda mmiliki aliyetangulia alifunga lililopatikana siku hiyo. Kwenye magari yaliyotoka Japani maandishi ya kibandiko hicho ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: utaona kipimo cha tairi na kiasi cha upepo kwa kPa, ambapo 220 ni sawa na takribani 32 kwenye mita ya fundi. Tuseme umekuta 175/65R14 82T. Upana wa tairi ni milimita 175, kimo cha ukuta wake ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 14. Namba 82 ina maana kwamba tairi moja linahimili kilo 475, na herufi T ni mwendo usiozidi kilomita 190 kwa saa. Muuzaji akikushawishi uchukue lenye namba ya uzito iliyo chini ya hiyo kwa sababu lina bei nzuri, mkatalie, hasa kama gari lako hubeba familia na mizigo kwenda mkoani.

Jambo la pili la kusoma ni umri. Kwenye ukuta wa tairi, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne. 1824 maana yake ni wiki ya 18 ya mwaka 2024. Mara nyingi tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo mwombe muuzaji aligeuze tairi, na usilipe kabla hujaziona kwa macho yako. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na huzeeka haraka zaidi tairi linapoanikwa juani mbele ya duka mwaka mzima. Lililotengenezwa ndani ya miaka miwili mimi hulinunua bila wasiwasi; lililopita miaka mitatu nataka lipunguzwe bei; na lililopita mitano nalirudisha hata kama bado lina nyuzinyuzi za kiwandani.

Sasa nizipange aina zenyewe. Nafasi ya kwanza naipa matairi mapya ya bei ya kati kutoka kwa watengenezaji wa Asia wenye jina, kama Apollo na CEAT wa India, Kumho na Hankook wa Korea Kusini, au Maxxis wa Taiwan. Hayana bei ya Michelin wala Bridgestone, lakini hushika lami iliyolowa vizuri na hudumu. Bei ipimwe kwa kilomita. Tuseme tairi la shilingi 120,000 za Tanzania linakwenda kilomita 30,000, na la shilingi 180,000 linakwenda kilomita 60,000: la kwanza limekugharimu shilingi nne kwa kila kilomita na la pili shilingi tatu, licha ya kwamba siku ya kununua la kwanza ndilo lililoonekana rahisi. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele hesabu hii ina uzito zaidi, kwa sababu matairi ya mbele huchakaa mapema kuliko ya nyuma.

Nafasi ya pili ni matairi mapya ya Kichina yanayotoka kwenye viwanda vikubwa, kama Linglong, Sailun, Triangle na Westlake. Sikubaliani na wanaoyadharau yote kwa pamoja. Afrika Mashariki yenyewe imebaki ikitegemea matairi ya nje: kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama, na mwaka 2016 Sameer Africa, wenye jina la Yana, walifunga kiwanda chao cha Nairobi na kuanza kutengenezewa matairi nje ya nchi. Kinachotakiwa ni kutofautisha jina la kiwanda kinachojulikana na majina ambayo hujawahi kuyaona popote isipokuwa kwenye duka hilo moja. Kwa mwenye gari la mizunguko ya mjini, ambalo halitoki Dar es Salaam na kuvuka Chalinze, kwenye njia ya kwenda mikoani, zaidi ya mara chache kwa mwaka, kundi hili linatosha kabisa.

Matairi ya majina makubwa, yaani Michelin, Bridgestone, Yokohama na wenzao, nayaweka nafasi ya tatu kwa sababu ya bei tu. Ubora wao ni wa juu, na anayesafiri Dar es Salaam hadi Mbeya kila wiki na kuteremka mlima mkali wa Kitonga kwenye mvua ayanunue hayo, kama mfuko unaruhusu.

Nafasi ya nne ni mtumba, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Matairi mengi ya mtumba hutoka Japani, ambako madereva wa maeneo yenye theluji huwa na seti ya majira ya baridi. Utalijua tairi la theluji kwa neno STUDLESS lililoandikwa ubavuni, au kwa mikato myembamba iliyosongamana juu ya kila kashata. Mpira wake ni laini ili ushike barafu. Kwenye lami yetu ya moto huisha upesi na hulegea gari linaposimama ghafla, hata kama kashata zake bado ni ndefu na zinavutia. Tairi la kawaida la mtumba likaguliwe likiwa nje ya rimu. Mulika ndani kwa tochi utafute viraka, pitisha kiganja ukitafuta uvimbe, kunja ukuta uone kama kuna nyufa, na chunguza ukingo unaokaa kwenye rimu kama haujachanwa na vyuma vya fundi. Kiraka kilicho kwenye bega au ukutani kinatosha kulikataa.

Tairi lililochongwa upya kwa kisu cha moto halina nafasi kabisa katika orodha hii. Mchongaji hukata mpira uliobaki juu ya waya, na tairi hilo linaweza kupasuka likiwa na watoto wako ndani ya gari.

Ukishanunua mawili, utabishana na fundi, kwa sababu wengi hufunga mapya mbele wakiamini kwamba yanayovuta ndiyo yanayostahili. Watengenezaji wa matairi wanaelekeza kinyume chake: mapya yafungwe nyuma, na yaliyokuwa nyuma yahamie mbele, mradi bado yana kina cha kutosha. Matairi ya mbele yakiteleza juu ya maji, dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi, huachia mafuta taratibu na gari hurudi kwenye njia yake. Matairi ya nyuma yakiteleza, mkia wa gari hupita mbele na gari huzunguka, na wengi wetu hatuna ujuzi wa kulirudisha. Kashata zikiisha hadi kulingana na vialama vya TWI (vya kuonyesha uchakavu) vilivyomo kati yake, zimebaki milimita 1.6, ambao ni ukomo wa mwisho. Kwa masika ya pwani mimi hubadilisha zikifika milimita tatu.

Matairi mawili ya mbele, au mawili ya nyuma, yawe ya aina moja na kipimo kimoja. Lipia balansi (kusawazisha uzito wa magurudumu) na alaimenti (kunyoosha mwelekeo wake) siku hiyo hiyo, maana alaimenti mbovu inaweza kula upande wa ndani wa tairi jipya kabla hujagundua. Upepo upimwe matairi yakiwa yamepoa, kwa kiasi cha kibandiko, na si 40 ambayo mafundi wengi hupenda kujaza. Miongoni mwa matairi yaliyofunguliwa, lenye hali nzuri zaidi lilinganishe na spea yako kwa umri na kwa nyufa, kisha lililo bora uondoke nalo.