Search Console ya Google kwa anayeanza kutafuta viungo

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia Search Console, huduma ya bure ambayo Google huwapa wenye tovuti, kupanga namna ya kuipatia viungo, yaani maneno kwenye tovuti za wengine ambayo msomaji akiyabofya analetwa kwako, tovuti ya nyumba ndogo ya wageni ambayo shangazi yangu anaiendesha Bagamoyo. Wengi wanaifahamu huduma hii kwa ripoti yake ya maneno yanayoandikwa na watafutaji. Ripoti yake ya viungo, iliyojificha karibu na mwisho wa orodha ya upande wa kushoto, haizungumzwi sana, na ndiyo ninayoitathmini hapa.

Kujisajili si kugumu, ingawa kunahitaji subira. Ukitaka kikoa chako chote (jina la tovuti) kihesabiwe, pamoja na matawi yake yote, ni lazima uongeze rekodi, kwa kawaida ya TXT, kwenye DNS, yaani mfumo unaounganisha jina la tovuti na mahali inapohifadhiwa, na kampuni inayohifadhi tovuti yetu ilichukua siku mbili kuiweka. Asiye na njia ya kufikia DNS anaweza kupakia faili dogo la HTML na kumaliza kazi siku hiyohiyo.

Ripoti yenyewe inaonyesha mambo matatu kuhusu viungo vinavyotoka nje: kurasa zako zinazoelekezewa zaidi, tovuti zinazokuelekezea, na maandishi yaliyotumika kama kiungo. Nilipoifungua mara ya kwanza nilikuta tovuti 19, na nilishangaa kuona kwamba ukurasa wa bei za vyumba, ambao nilikuwa nimeupamba kwa wiki nzima, haukuwa na kiungo hata kimoja. Ulioongoza ulikuwa ukurasa ambao shangazi aliniandikisha kwa kunishurutisha, unaoeleza namna ya kufika kwenye magofu ya Kaole kwa baiskeli, mahali pa kununua maji njiani na mavazi yanayofaa mtu anapoingia penye makaburi. “Mwanangu,” aliniambia wakati ule, “mgeni haulizi bei ya kitanda kabla hajajua anakuja kuona nini.” Mpango wetu wote wa viungo ulizaliwa katika jedwali hilo moja: tuliandika kurasa nyingine mbili za namna hiyo, moja ikihusu Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, na nyingine ikihusu soko la samaki, kisha katika kila ukurasa tukaweka kiungo cha ndani kinachompeleka msomaji kwenye vyumba. Viungo hivyo vya ndani navyo vina jedwali lake, ambalo wanaoanza hulipita bila kulitazama, ilhali ni viungo ambavyo huhitaji kumwomba mtu yeyote.

Faida ya pili niliipata katika ripoti ya kurasa, si ya viungo. Humo mna orodha ya anwani ambazo Google ilizifuata ikakuta kosa la 404, yaani ukurasa haupo, na ukiichunguza anwani mojamoja, mara nyingine unaonyeshwa ukurasa uliokuwa ukielekeza hapo. Nikagundua kwamba mwandishi mmoja wa habari za safari alikuwa ametuwekea kiungo miaka mitatu nyuma, nami nikakivunja mwenyewe nilipobadilisha anwani za kurasa bila kuweka elekezo la 301, linalompeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya. Kukirudisha kulinigharimu dakika tano. Ningemshauri anayeanza afanye kazi hii kabla ya kumwandikia mtu barua ya kuomba kiungo kipya.

Jedwali la maandishi ya viungo lilinifunulia aibu yangu. Kabla ya kujifunza lolote nilimlipa mtu fulani shilingi 150,000 ili atupatie “viungo 300 vyenye nguvu”, na katika jedwali lile nikakuta maneno ya michezo ya kamari na dawa za kupunguza unene yakielekeza kwenye nyumba ya wageni ya mama mwenye umri wa miaka 61. Google imekuwa ikipambana na biashara hiyo tangu ilipotoa sasisho la mfumo wake wa utafutaji liitwalo Penguin mwezi Aprili 2012, na tangu Septemba 2016 mfumo huo hulenga zaidi kuvipuuza viungo vya aina hiyo kuliko kuishusha tovuti nzima. Nilitazama sehemu ya hatua zinazochukuliwa na wakaguzi wenyewe, nikakuta haina onyo lolote, basi nikaviacha. Chombo cha kuvikana viungo, yaani kuiomba Google isivihesabu, kipo tangu 2012, lakini Google yenyewe inasema kwamba tovuti nyingi hazikihitaji, na anayekitumia ovyo anaweza kukana hata viungo vinavyomsaidia.

Kasoro zake si ndogo. Ripoti haikutofautishii kiungo cha kawaida na chenye alama ya nofollow, inayoiashiria Google isikipe uzito, na haikuambii kiungo kipi kina uzito. Jumla ya viungo nayo hupotosha: tovuti moja iliyotuweka chini ya kila ukurasa wake ilihesabiwa kuwa viungo zaidi ya 400, kwa hiyo nimezoea kutazama idadi ya tovuti peke yake. Tena unachoonyeshwa ni sampuli, si kila kiungo ambacho Google inakijua. Lakini pengo kubwa kuliko yote ni kwamba huwezi kuona viungo vya jirani yako, na mpango wa viungo usiojua waliomtaja mshindani umekamilika nusu tu. Kwa nusu hiyo ya pili nilitumia kikaguzi cha bure cha Ahrefs, kampuni ya vyombo vya kuchunguza viungo, ambacho huonyesha sehemu ya viungo vya tovuti yoyote, nikaona kwamba nyumba mbili za jirani zimetajwa kwenye orodha za vyama vya watalii wa baiskeli ambavyo sisi hatukuwahi kuviandikia.

Mtu mwenye wateja kumi na bajeti ya kila mwezi atahitaji chombo cha kulipia. Kwa mwenye tovuti moja anayeanza, Search Console inatosha kwa nusu mwaka wa kwanza, mradi apakue orodha kila mwezi na kuilinganisha na ile iliyotangulia. Orodha niliyoipakua wiki iliyopita ina tovuti 27. Tisa zinaelekeza kwenye ukurasa wa Kaole, na moja tu kwenye ukurasa wa bei, nayo ni ya binamu yangu.