Mfuko wa Kupikia Viazi Katika Maikrowevu: Kitambaa, Kijazio na Uzi wa Kununua Tabora

Mkoa wa Tabora unakijua kiazi kitamu kuliko mikoa mingi, kwa kuwa tunakila kibichi, tunakichemsha, na msimu ukipita tunakihifadhi kama michembe na matobolwa, yaani vipande vilivyokaushwa. Kwa mwenye maikrowevu, njia nyingine nyepesi ya kukiivisha ni kukitia ndani ya mfuko wa kitambaa wenye matabaka matatu, yaani kitambaa cha nje, kijazio cha katikati na bitana, ambao hushika mvuke na kukiacha kiazi kikiwa laini bila kuwa majimaji. Fundi cherehani yeyote anaweza kuushona kwa muda mfupi. Ugumu uko dukani, kwa sababu mfuko ulioshonwa kwa mali isiyofaa unaweza kuyeyuka au kuwaka moto, na mara nyingi kosa hilo hujificha katika kijazio na uzi, ambavyo hakuna anayeviona baada ya mshono kufungwa.

Kabla ya kutaja vitambaa, nieleze namna ya kuvipima, kwa kuwa neno la muuzaji peke yake halitoshi. Omba ukanda mdogo wa kitambaa, ushike kwa koleo ukiwa nje na beseni la maji karibu, kisha uuwashe kwa kiberiti. Pamba huwaka kwa mwali wa manjano, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha jivu jepesi la kijivu linalosagika kati ya vidole. Polyesta, ambayo ni nyuzi za plastiki, hujikunyata mbele ya moto, huyeyuka, na ikipoa huacha tone gumu jeusi. Kitambaa cha mchanganyiko hutoa jivu lenye punje ngumu, nacho ukirudishe kwa muuzaji. Jaribio hili lina upungufu mmoja, nao ni kwamba rayoni, yaani nyuzi za kiwandani zitokanazo na mimea, huwaka karibu sawa na pamba. Hata hivyo rayoni haiyeyuki, kwa hiyo hatari kubwa tunayoitafuta haitakupita.

Kwa kitambaa cha nje na bitana, nafasi ya kwanza naipa amerikani, ile isiyopaushwa wala kutiwa rangi. Hiki ndicho kitambaa ambacho misafara ya karne ya 19 ilikibeba kutoka pwani hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, na kukitumia kama fedha, na jina lake lilitokana na Marekani, kilikofumwa wakati huo. Ubora wake kwa kazi yetu ni usahili wake: ni pamba tupu, hakina rangi ya kuchujia kwenye chakula, na alama yoyote ya kuungua huonekana juu yake mara moja. Nafasi ya pili ni kanga ya pamba. Ni nyepesi na hufuliwa kwa urahisi, ila chagua ile iliyopita jaribio la moto, kwa maana siku hizi zimo zilizochanganywa na polyesta. Ukipanga mkato vizuri, jina la kanga linaweza kubaki mbele ya mfuko, jambo ambalo mimi hulipenda. Nafasi ya tatu ni kitenge cha pamba, ambacho ni imara lakini kina wanga mwingi, na usinunue kabisa chenye urembo wa dhahabu au fedha unaometameta, kwani chembe za chuma hutoa cheche ndani ya maikrowevu. Tetroni na satini zisiingie katika hesabu, kwa kuwa mara nyingi zina polyesta. Vivyo hivyo kiroba, hata kikiwa kisafi namna gani, kwa sababu plastiki yake huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 160.

Kijazio ndicho kinachowakosesha wengi, na lawama ninaiweka kwenye neno lenyewe. Ukiomba “pamba” ya kujazia, unaweza kupewa ile nyeupe laini ya mito, ambayo mara nyingi ni polyesta inayoitwa pamba kwa mazoea tu. Chaguo bora ni kijazio bapa cha pamba tupu kinachotumika kwa mafarishi, yaani mablanketi ya matabaka yaliyoshonwa pamoja, kisicho na gundi. Kikikosekana, taulo kuukuu la pamba linafaa sana, nami ndilo ninalolitumia. Tabaka mbili za kanga zinatosha kwa dharura, ingawa hazishiki joto vizuri. Wenzetu wa Nzega na Igunga, wanaoishi na pamba ya shambani, wasishawishike kuitumia ikiwa bado ina mbegu, kwa kuwa mbegu zina mafuta na mafuta hupata joto kali. Bitana yenye upande wa rangi ya fedha, inayowekwa kwenye glavu za jikoni, ina utando wa chuma na haifai.

Uzi nao uwe wa pamba. Nyuzi nyingi za cherehani madukani ni za polyesta, kwa hiyo mpelekee fundi uzi wako mwenyewe; uzi wa pamba wa kudarizi unafaa ukiwa mwembamba wa kutosha. Usiweke zipu, vifungo vya chuma wala lebo.

Loweka na kufua vitambaa vyote kwa maji ya moto kabla ya kukata, ili wanga utoke na kitambaa kimalize kurudi. Vipande vya sentimita 25 kwa 55 vikikunjwa hutoa mfuko wenye mdomo unaofunikiana, unaotosha viazi vitatu au vinne.

Katika matumizi, elewa kwamba maji yaliyomo katika kiazi ndiyo yanayoulinda mfuko. Yakiwamo, joto hukaa karibu na nyuzijoto 100. Yakiisha, kiazi huungua na kitambaa hufuata. Ndiyo maana miongozo mingi ya watengenezaji huonya dhidi ya kupasha vitambaa, na ni vyema usome wa chombo chako kwanza. Osha viazi bila kuvikausha, vitoboe kwa uma, kata mikia yake myembamba kwa sababu hukauka mapema, na usipake mafuta wala kutumia karatasi ya alumini. Kwa kiazi kimoja cha gramu 200 hivi, anza na dakika 4 katika wati 800, kigeuze, kisha ongeza dakika moja moja. Usiondoke jikoni. Ukiona moshi, usifungue mlango. Zima swichi ya ukutani na usubiri.

Mfuko uliokwisha kushonwa, unaouzwa mtandaoni, naupa nafasi ya mwisho, kwa sababu huwezi kuupima kijazio bila kuuchana. Wako wa nyumbani ufue kila unapopata doa la mafuta, uanike juani hadi ukauke kabisa, na ukiona mahali pameanza kuwa pa kahawia au uzi umekakamaa, ukate uwe matambara ya kufutia meza.