Diski ya kuwekea anime: angalia tundu la waya kwanza

Malalamiko ninayotumiwa ni yale yale: diski imejaa, taa inawaka, lakini runinga haioni kitu. Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, alikuwa na One Piece yote humo, ule mfululizo mrefu wa anime, yaani katuni za Kijapani. Hiyo ilianza Oktoba 1999 na imeshapita vipindi 1,100, kwa hivyo si kitu cha kupakua upya wikendi moja kwa bando.

Na anime haimngoji mtu. Kuna misimu minne kwa mwaka, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na kila mmoja unamwaga makumi ya mifululizo mipya, mingi ya vipindi 12 au 13. Ukiwa na kazi na unarudi Rongai saa tatu usiku, unaweka sasa, unatazama Desemba. Wanaosema "lipia tu mtandaoni, yaishe" wakumbuke Funimation, huduma ya kutazama anime mtandaoni. Ilipofungwa Aprili 2024, nakala za kidijitali ambazo watu walizipata kwa kununua diski za filamu za Blu-ray hazikuhamia Crunchyroll, huduma walikopelekwa wateja wake. Mimi nalipia, na bado naweka.

Sitasema habari za ukubwa, kwani terabaiti mbili ni nyingi kuliko moja na muuzaji yeyote atakwambia hivyo. Kasi nayo isikusumbue: kipindi cha dakika 24 chenye MB 350 kinachezeka kwenye diski yoyote nzima. Cha kuuliza ni tundu la waya limeshikiliwa na nini.

Diski nyingi za nje za inchi 2.5 bado zina lile tundu pana, bapa, linaloitwa micro-B. Waya unaokuja nalo ni mfupi, kwa hivyo nyuma ya runinga diski inaishia kuning'inia kama popo. Kila anayepita na ufagio anaigusa. Tundu linalegea kidogo kidogo, mpaka siku moja miguu yake inaachana na bodi.

Kinachofuata kinategemea ulinunua nini. Kwenye baadhi ya diski, tundu liko kwenye kibao kidogo cha pembeni, na kibao hicho kimechomekwa kwenye diski ya kawaida ya SATA, ile ile ya laptopu. Likifa, fundi anafungua ganda, anatupa kibao, anaitia diski kwenye kasha jingine na anime yako iko pale pale. Kwenye nyingine, tundu limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski yenyewe. Hapo huna cha kuchomoa. Ni kuchomelea upya au kutafuta mtu wa kuokoa data, na bei niliyowahi kutajiwa katikati ya jiji ingeninunulia diski mbili mpya. Na bei hiyo ni ya kujaribu tu, bila ahadi kwamba data itapatikana.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni Seagate Expansion. Naipendelea Seagate na sioni haya. Ndani yake kuna SATA ya kawaida, basi. Watakwambia inakuwa nzito ukiijaza kwa mkupuo, na ni kweli, mwendo unashuka ukiitupia mafaili mengi makubwa. Iache ijijaze usiku, wewe lala.

Ya pili ni kujiunganishia: kasha tupu la USB-C na diski mpya ya laptopu. Tundu likiharibika unabadilisha kasha tu. Ningeiweka juu kabisa kama wauzaji wasingekuwa wanafuta vumbi diski za laptopu za mitumba na kuziita mpya. Mwambie muuzaji akufungulie CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, uone saa ilizofanya kazi. Diski mpya haina saa elfu nane.

Ya tatu ni SSD ya nje, kwa mfano Samsung T7. Haina kinachozunguka ndani, ikianguka unaiokota tu. Lakini bei yake kwa kila terabaiti inaudhi, na kwa mtu anayeweka Naruto yote pamoja na Bleach, hesabu haikubali.

WD My Passport na Elements ni nzuri kushika na zinafanya kazi vizuri, ila kwa miaka mingi sasa hizi ndogo za mfukoni zimekuwa zikija na tundu lililochomelewa kwenye bodi. Ukinunua, ilaze mezani na usiitundike popote.

Flashi ya "2TB" ya bei ya chakula cha mchana? Hapana. Programu ya bure ya H2testw itakuonyesha ukubwa wake halisi.

Sasa wauzaji. Nauliza ndani ni SATA au imechomelewa, najibiwa, "Siste, hii ni ori." Diski ile ile, jengo lile lile pale barabara ya Luthuli, chini wana bei yao na ghorofa ya tatu wana yao, na zote mbili hupanda ukionekana umetoka ofisini. Shilingi ilipofika 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, tuliambiwa lawama ni ya dola. Ikarudi karibu 130 kabla mwaka haujaisha, na hakuna aliyenipigia simu kunieleza bei imeshuka. Halafu risiti ina muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na hapo hapo unaambiwa ina waranti ya mwaka.

Kwa hivyo jaribu kabla ya kutuma M-Pesa. Chomeka kwenye laptopu yao pale kaunta, fungua faili, kisha tikisa waya taratibu. Laptopu ikilia kwamba diski imeondoka na kurudi, badilisha waya ujaribu tena. Ikilia tena, mrudishie. Anayesema hana muda wa kujaribu, mwachie diski yake. Duka la pili liko hatua tatu mbele.