Final Fantasy VII Remake: mapigano matamu, ila maadui wa angani wananitoa roho

Nimeimaliza mara ya pili kwenye PS4 na bado nasema mapigano ndo roho ya hii gemu. Ile ya kwanza ya 1997 ulikuwa unasubiri mita ijae ndo umwamuru mtu, hii ya 2020 unakata mwenyewe, upanga wa Cloud, mhusika mkuu, una uzito kabisa, kila pigo linajaza ATB (mita ya kutoa amri) af ukifungua menyu muda unaenda polepoleee, unachagua uchawi umetulia. Punisher, ule mkao wake wa mapigo mazito, ndo naipenda zaidi, mtu akija na pigo la karibu ukakinga, Cloud anamrudishia hapohapo. Mita ya stagger (ya kumlegeza adui) ikijaa badili haraka umchukue mwenzake Tifa, ile raha aisee!

Sasa kero. Maadui wanaoruka jamani, Cloud anajirusha, anapiga mapigo mawili matatu anashuka, adui keshahama, kamera nayo inatazama ukuta. Hapo we mpe mwenzake Barret kazi na bunduki yake. Af wenzako usipowashika wewe wanajaza ATB kama hawana haraka.

Ila kinachoniuma kuliko vyote ni kukatizwa. Pale kwa bosi Hell House, mwenzetu Aerith alibakiza damu kidogo sana, nikampa Cure, uchawi wa kuponya, mikono ndo inanyanyuka tu akapigwa, ATB imeenda, MP (nguvu za uchawi) imeenda na uponyaji haujatoka, nikarudia pambano zima. Watengenezaji, mngeturudishia hata MP tu, maana kosa halikuwa la kuchagua vibaya, nilichagua sawa kabisa.