Sola kwenye trela ya safari bila kutoboa paa: uzoefu wangu na paneli ya kukunja ya wati 200

Nilipoamua kuongeza sola kwenye trela yangu ya kulala safarini niliweka sharti moja tu: drili isiguse paa. Chini ya ule utando wa juu kuna plaiwudi nyembamba, na maji yakipata tundu la skrubu hayadondoki hapo hapo. Yanatambaa, yanalowesha mbao taratibu, na siku doa linapojitokeza darini, au paa linapobonyea ukilikanyaga, mbao zimeshaoza. Wapo mafundi wanaotoboa na kuziba kwa ustadi mkubwa, nami siwapingi. Ila kila skrubu ni mahali pa kukagua na kuziba upya muda wote trela itakapokuwa mikononi mwako, na mimi nataka kupanda paani kuosha, si kuhesabu nyufa.

Kwa hiyo nikaangalia njia za kubandika kwanza. Paneli ngumu zenye fremu ya alumini huwekewa pembe za plastiki zinazogandishwa paani kwa gundi ya poliyurethani, na zile laini zinazopindika hubandikwa kwa tepu nzito ya VHB, yenye gundi pande zote mbili. Kwenye paa la faiba au la alumini njia hii inafaa kabisa, mradi usafishe vizuri na uwe na subira: tepu ya VHB huchukua karibu saa 72 kufikia nguvu yake kamili, na haitaki kubandikwa kwenye baridi.

Paa langu ni la mpira wa EPDM, na hapo ndipo nilipoiacha. Mpira huu haushikani vizuri na gundi nyingi. Hata ikishika, kinachobeba paneli ni utando ambao wenyewe umegandishwa tu juu ya plaiwudi, kwa hiyo uimara wa kazi nzima ni uimara wa gundi ya kiwandani ambayo huioni wala huijui umri wake. Kumbuka pia upepo. Mwendo wa gari ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo inayoinyanyua paneli inakuwa mara nne. Sikuwa tayari kuendesha barabara kuu nikiwaza kioo cha kilo kumi kung'oka na kumwangukia anayenifuata.

Zile laini ni nyepesi na upepo hauzinyanyui kwa urahisi, lakini zina tatizo la joto. Paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayozidi 25. Ikilala bapa juu ya paa, bila hewa kupita chini yake, inaweza kufika nyuzi 65 mchana wa jua kali bila shida, na hapo asilimia 12 hadi 16 ya nguvu imeshaondoka. Tena plastiki yake ya juu hufifia mapema kuliko kioo.

Nikachukua paneli ya kukunja: vioo viwili vya wati 100 kila kimoja, vimeunganishwa kwa bawaba, vina miguu ya kuviinamisha, na vinafungwa kama sanduku la nguo. Inakaa chini, nje ya trela, na kebo inakwenda kwenye betri. Paa halihusiki kabisa.

Sasa nije kwenye jambo lililofanya niandike. Paneli nyingi za namna hii huuzwa zikiwa na kontrola ya chaji, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri, imefungwa mgongoni, na kebo ndefu yenye vibanio vya mamba mwishoni. Ukiifungua siku ya kwanza unaona imekamilika: fungua, bana, chaji. Inafanya kazi, lakini chini ya uwezo wake, na sababu ni mahali kontrola ilipokaa.

Yangu ilikuja na kebo ya mita 10, waya wa milimita za mraba 2.5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo unasafiri kwenye mita 20 za shaba, ukinzani wake ni kama omu 0.14. Ampea 10 zikipita hapo, volti 1.4 zinapotea njiani. Niliweka mita kwenye vichwa vya kontrola mgongoni mwa paneli, saa sita mchana, mbingu nyeupe: ilisoma 14.4. Nikatembea hadi kwenye betri, nikagusa chanya na hasi kwa ncha zile zile: 13.1. Betri yangu ilikuwa bado ina njaa, lakini kontrola kule mwisho wa kebo ilikuwa inaona volti 14.4 na kuamini kwamba betri inakaribia kujaa. Ikianza kuamini hivyo, inapunguza umeme. Betri za risasi zinaponyimwa kujaa sawasawa siku baada ya siku, salfeti hugandamana kwenye bamba zake na uwezo unashuka moja kwa moja. Watu wengi husema sola ndogo haitoshi, kumbe paneli ni nzima na waya ndio unaoidanganya kontrola.

Dawa yake haikuhitaji ufundi mkubwa. Nilifungua skrubu nne mgongoni, nikaiondoa ile kontrola, nikaunganisha kebo moja kwa moja kwenye paneli, kisha nikaweka kontrola nyingine karibu na betri, umbali usiofika mita moja. Hapo upotevu wa njiani unatokea upande wa paneli, ambako volti ziko kama 18, na kontrola inasoma hali halisi ya betri. Waya nao nilibadilisha, nikaweka wa milimita za mraba 6, na upotevu kwa ampea 10 ukashuka hadi karibu volti 0.6. Kati ya vitu vyote nilivyolipia, huo waya mnene ndio ninaoupenda zaidi.

Kontrola niliyoweka ni ya MPPT. Ile ya zamani ilikuwa PWM, ambayo huivuta paneli ishuke hadi volti za betri: paneli inayotoa ampea 11 kwa volti 18 inakupa zile zile ampea 11 lakini kwa volti 13, yaani kama wati 143 badala ya karibu 200. MPPT hubadilisha volti za ziada kuwa ampea. Kwenye asubuhi yenye ubaridi tofauti inaonekana wazi. Paneli ikipata joto kali volti zake zenyewe hushuka, na faida ya MPPT inapungua, kwa hiyo mwenye bajeti ndogo asione aibu kubaki na PWM. Boresha waya kwanza, kontrola baadaye.

Betri yangu iko kwenye shingo ya trela, mbele, pale linapofungiwa gari, kwa hiyo kebo haiingii ndani hata kidogo. Kontrola nimeifunga ndani ya sanduku dogo la kuzuia mvua, kando ya sanduku la betri na si ndani yake, kwa kuwa betri za risasi za maji hutoa hewa ya hidrojeni zikichajiwa, na mvuke wa asidi hula vifaa vya umeme. Fyuzi ya ampea 20 iko kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Fyuzi hii hailindi paneli, maana paneli haiwezi kutoa zaidi ya kiasi chake. Inazuia betri yenyewe kumwaga mamia ya ampea kwenye waya uliochubuka na kuwasha moto.

Kama betri zako ziko ndani, bado huna haja ya kutoboa paa. Trela karibu zote zina tundu la kuingizia kebo ya umeme wa nje, lenye kifuniko, na nyingine zina matundu ya waya sakafuni yaliyokwisha kuzibwa kwa povu. Friji za gesi zina matundu ya hewa ubavuni yenye nafasi ya kupitisha kebo, ila iweke mbali na mwako na bomba la moshi.

Trela yangu ilikuwa na soketi ya sola ubavuni tangu kiwandani, na hii nayo inahitaji tahadhari mbili. Zipo soketi zilizounganishwa chanya na hasi kinyume na plagi za kawaida zinazofanana nazo kwa umbo, kwa hiyo usichomeke chochote kabla hujapima kwa mita. Ikiwa kinyume, kuna kiunganishi kidogo cha kugeuza. Ya pili ni kwamba soketi hiyo mara nyingi inakwenda moja kwa moja kwenye betri bila kontrola yoyote katikati. Ukishaondoa kontrola ya mgongoni kama nilivyofanya mimi, ukachomeka paneli hapo, unaipa betri volti ghafi za paneli. Nilifuatilia waya wa soketi hadi mwisho wake, nikaukata kabla haujafika kwenye betri, nikaupitisha kwenye kontrola. Sasa nachomeka ubavuni na kila kitu kinakwenda panapostahili.

Utaratibu wa kuunganisha: betri kwenye kontrola kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli itoke kwanza. Kontrola inahitaji kuijua betri kabla ya kupokea umeme wa paneli, na baadhi huharibika ukikiuka mpangilio huo.

Na maisha ya kila siku? Hapa ndipo paneli ya chini iliponiteka moyo. Naegesha trela chini ya mti, ndani kuna ubaridi, na paneli iko mita kadhaa mbali kwenye jua. Anayebeba paneli paani lazima achague kati ya kivuli na umeme. Tena naigeuza: asubuhi inaangalia mashariki, nikishakunywa chai naisogeza, mchana tena. Ukizoea, mkono unakwenda wenyewe. Angalia tu kivuli, hata cha kamba ya hema. Seli zimeunganishwa kwa mfuatano, na kivuli chembamba kikilala juu ya safu moja kinaweza kushusha umeme wa kioo kizima kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukisia.

Siku yenye saa tano za jua zuri, kwa hesabu ya tahadhari inayokata robo kwa ajili ya joto, vumbi na upotevu, wati 200 zinanipa kama wati-saa 750, karibu ampea-saa 60 kwa volti 12. Hiyo inatosha taa za LED, pampu ya maji, kuchaji simu na kompyuta, feni ya darini, kipima gesi kisichozimwa, na bodi ya friji inayotumia gesi. Wakati wa baridi kinachokula ni feni ya hita, inayoweza kuvuta ampea 7 au 8 kila inapowaka, na usiku wa baridi inawaka mara nyingi. Siku hizo napima betri kila asubuhi kabla ya kuwasha chochote: volti 12.6 kwenda juu imejaa, 12.1 imefika nusu, na sipendi kuishusha betri ya risasi chini ya hapo. Kiyoyozi cha paani kisahau. Kinataka zaidi ya wati elfu moja kwa saa nyingi, na hakuna paneli ya kubeba mkononi itakayokitosheleza.

Kero zipo. Upepo uliwahi kuilaza kifudifudi, na tangu hapo kila mguu nafunga kwa kamba kwenye kigingi. Naipitishia pia mnyororo wenye kufuli ninapoondoka kambini. Uzito wake si wa kuchezea, na mwenye mgongo mbovu atafute za kitambaa, ambazo ni nyepesi zaidi ingawa hazidumu kama kioo. Na haichaji ukiwa barabarani. Hilo silioni kama tatizo kwa sababu gari langu huchajia betri ya trela kupitia plagi ya pini saba, kidogo kidogo, lakini asiye na waya huo ataliona.

Mtu anayehama kila siku na kulala tu njiani sitamshauri hii. Kuitoa, kuifunga, kuiweka mbele ya kitanda, kuitoa tena, kutamchosha, na kama paa lake ni la faiba abandike pembe zile za plastiki awe na amani. Anayekaa mahali pamoja siku kadhaa, hasa penye miti, sijui kitu kinachomfaa zaidi ya hiki.

Nafikiria kubadili betri kwenda lithiamu ya LiFePO4. Kontrola yangu inaweza kuwekwa kwenye mpangilio wake, lakini betri za aina hiyo hazitakiwi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi 0, na yangu itakaa nje kwenye shingo ya trela. Kwa hiyo natafuta yenye kinga ya baridi ndani yake, ndipo ninunue.