Holda ya simu kwenye pikipiki ya safari: uliza mtetemo kwanza, mengine baadaye

Kamera ya simu yangu ilikufa kati ya Mbezi Mwisho na Iringa, na simu yenyewe haikudondoka hata mara moja. Haikulowa, haikugongwa, kioo hakikupata mkwaruzo. Nilifika Iringa jioni, nikapanda jiwe la Gangilonga kupiga picha ya mji, nikaona picha inacheza kama kitu kilichozama kwenye maji. Ndani ya simu kulikuwa na mlio mdogo, tik tik tik, usiokoma. Siku nne baadaye fundi wa Kariakoo aliifungua, akanionyesha lenzi imelegea pale inapokaa. Kubadilisha kamera kulinigharimu zaidi ya mara sita ya bei ya holda iliyoiua.

Holda hiyo niliinunua Kariakoo kwa 45,000. Kijana wa dukani aliifunga simu yake mwenyewe, akaitingisha kwa nguvu mbele ya uso wangu. "Dada, hii chuma tupu. Hata ukianguka nayo haichomoki." Na kweli, haikuchomoka. Shida ilikuwa hapohapo kwenye hiyo chuma tupu: alumini imebana usukani, alumini imebana simu, katikati hakuna hata kipande cha mpira. Kila kinachotoka kwenye injini kinaingia kwenye simu moja kwa moja.

Tangu niwaeleze waendeshaji wenzangu, watano wamenijibu kwamba yamewakuta yaleyale. Wawili walidhani simu zao zilikuwa feki. Kwa hiyo hapa sitaongelea holda inabana kiasi gani, inazunguka nyuzi ngapi wala rangi zake. Hayo muuzaji atakuonyesha bila kuulizwa. Naongelea mtetemo, jambo ambalo hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kulitaja kwangu.

Simu nyingi za bei ya juu zina lenzi isiyotulia sehemu moja. Inaelea kwenye sumaku na vispringi vidogo sana, na kuna kihisio kinachopima mkono wako unavyotikisika ili lenzi isogezwe upande wa pili na picha itulie. Kimetengenezwa kwa ajili ya mkono wa mtu, si kwa ajili ya silinda moja ya cc 660. Septemba 2021 Apple wenyewe walitoa tahadhari kwamba mtetemo mkali wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu mfumo huo, wakashauri iPhone isifungwe kwenye pikipiki za aina hiyo. Kwa skuta na vipikipiki vidogo walishauri angalau itumike holda yenye kupunguza mtetemo. Tahadhari hiyo inahusu iPhone, lakini simu ya kampuni nyingine yenye lenzi inayoelea ina udhaifu uleule.

Watu wengi wanaogopa matuta. Mimi pia niliyaogopa. Kila nikiona rasta mbele nilikuwa napunguza mwendo kwa kuihurumia simu. Lakini hebu tupige hesabu. Injini ya pikipiki yangu, Yamaha Ténéré, kwenye lami inazunguka kama mara 4,500 kwa dakika, yaani mara 75 kila sekunde. Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190. Ondoa foleni ya Kimara, bakisha saa tatu tu za mwendo wa aina hiyo: ni mizunguko 810,000. Sasa hesabu matuta na rasta zote kutoka Kibaha hadi Msamvu, uone kama zinakaribia hapo. Tuta unaliona na unalipunguzia mwendo. Mvumo wa injini huuoni, mikono yako imeshauzoea, nao unaendelea kula simu kilomita baada ya kilomita.

Namna ya kupima ni rahisi na haina gharama. Chukua simu ya zamani yenye kamera, ifunge kwenye holda, washa injini na pikipiki ikiwa imesimama, pandisha injini hadi mizunguko unayoendeshea safarini, kisha rekodi video ya ukuta wenye maandishi. Maandishi yakisomeka, holda inafaa. Yakipinda na kujikunja kama moshi, irudishe. Rudia ukiwa umeifunga sehemu tofauti, maana mahali pana uzito mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Karibu na shina la usukani, pale katikati, panatulia kuliko mwishoni karibu na mikono. Kwenye nguzo ya saiti mira ndiyo pabaya kupita pote, na ndipo mafundi wetu wanapopenda kuifunga kwa sababu bolti iko tayari. Mkono wa holda nao ukiwa mrefu, mtetemo unakua. Chukua mfupi.

Sasa kwenye bidhaa. Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa holda za RAM, na ndiyo ninayoiweka namba moja.

RAM ni kampuni ya Seattle, Marekani. Muundo wake ni wa kizamani na hauna urembo: kuna mpira wa duara wa inchi moja, umevikwa raba, unaofungwa kwenye usukani, kuna mpira mwingine kama huo nyuma ya kishikio cha simu, na katikati kuna mkono mmoja unaobana mipira yote miwili kwa kukaza kitasa kimoja. Kishikio chao cha X-Grip kina vidole vinne vyenye ncha za raba. Chuma haigusani na chuma popote. Raba hiyo inapunguza mtetemo ingawa haiumalizi, na kama pikipiki yako ni ya silinda moja kubwa, ongeza kipande cha kufyonza mtetemo kinachokaa nyuma ya kishikio. Kitu kinachonifunga zaidi kwao ni kwamba vipande vinabadilishana. Mpira nilioufunga kwenye usukani umeshabeba simu tatu, kamera ndogo na GPS ya kuazima kwa rafiki. Nilibadilisha kilichokuwa juu tu.

Lakini kwenye hiyo RAM usifunge simu yako nzuri. Funga simu kuukuu. Hapa ndipo nimeishia baada ya hasara yote ile, na sirudi nyuma. GPS haihitaji laini wala bando. Satelaiti ziko juu kama kilomita 20,200, zinatangaza muda na mahali zilipo, simu inasikiliza tu na kupiga hesabu. Tofauti utakayoiona ni kwamba bila intaneti inachukua dakika kadhaa kujipata asubuhi. Tafuta simu ya zamani isiyo na lenzi inayoelea, weka Organic Maps au OsmAnd, pakua ramani ya Tanzania nzima ukiwa nyumbani kwenye waifai. Programu hizo zinatumia ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea, na kwa Dar hilo ni jambo la kujivunia. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatuma wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wenyewe, kuchora mitaa yenye mafuriko, mifereji na vichochoro vyake. Ndiyo maana vichochoro vya Tandale vimo kwenye ramani hizo. Simu ya thamani inakaa mfukoni, na hata vibaka wa kwenye foleni wakikwapua iliyo kwenye holda, wamekwapua kitu ulichokwisha kukistaafisha.

Kama lazima uweke simu yako kuu, namba mbili ni Quad Lock ya Australia, pamoja na kifaa chake cha kuzuia mtetemo. Narudia: pamoja na kifaa hicho. Simu inavaa kava maalumu, unaibonyeza na kuizungusha, imefunga. Ni safi, inapendeza, na kifaa chao kinafanya kazi kweli. Kwenye jaribio la video maandishi yalisomeka vizuri. SP Connect nao wana kifaa cha aina hiyo. Tatizo ni kwamba kifaa kinauzwa peke yake, na hapa mjini wanaoagiza wanaleta holda na kukiacha hicho ili bei ishuke. Nilikiulizia kwenye maduka matatu. Duka la kwanza hawakijui. La pili walinipa bei iliyokaribia ya holda yenyewe. La tatu mzee mmoja aliniambia, "Mama, hilo ni pambo tu." Mtu anayeuza holda za pikipiki anaita pambo kipande pekee kinachoilinda simu!

Namba tatu ni Garmin zūmo XT. Hii si simu, ni GPS ya pikipiki tangu kuzaliwa kwake: kioo cha inchi 5.5, inabonyezeka ukiwa umevaa glavu, na ina kiwango cha IPX7, yaani inavumilia kina cha mita moja ya maji kwa nusu saa. Mvua ya masika ikikukuta Kitonga utaelewa thamani ya hilo. Haina kamera, kwa hiyo mtetemo hauna lenzi ya kuiua. Anayevuka Tunduma kwenda Zambia au Kasumulu kwenda Malawi anaweza kuipakia ramani za Tracks4Africa na asijutie. Nimeishusha hadi namba tatu kwa sababu ya bei tu. Kwa mtu ambaye safari zake ni Bagamoyo, Morogoro na mara moja kwa mwaka Kilwa, ni fedha nyingi kwa kazi ambayo simu kuukuu inaifanya.

Kuna pia begi la kukaa juu ya tenki lenye mfuko wa plastiki angavu. Mtetemo ni mdogo kwa sababu chini ni laini, ila macho yanashuka mbali na barabara, na kwa jua la Dar simu ndani ya plastiki inachemka hadi inajizima. Holda za plastiki za 10,000 na 15,000 zinawatosha madereva wa Boxer wenye simu za kawaida na mwendo wa mjini. Kwa safari ndefu, hapana.

Sasa redio, maana naulizwa na nimeona jambo linaloniuma. Kuna watu wanauziwa redio za satelaiti za SiriusXM zilizotolewa kwenye pikipiki na magari ya mtumba kutoka Marekani, na wanaambiwa zinahitaji antena tu. Usinunue. Huduma ile ni ya Amerika Kaskazini, satelaiti zake zinaangaza huko, na hakuna antena itakayokupa hata wimbo mmoja hapa. Afrika tuliwahi kuwa na yetu: WorldSpace, kwa satelaiti ya AfriStar iliyorushwa Oktoba 1998. Kampuni iliomba kufilisika Oktoba 2008, na vile vipokezi vilivyobaki kwenye makabati ya watu havina cha kupokea. Anayekuuzia kifaa hicho leo anajua, au ana wajibu wa kujua. Ukitaka redio safarini, nunua intakomu ya helmeti, kifaa cha kuzungumza na kusikiliza ndani ya helmeti, kama Sena 20S au Cardo Packtalk. Zina FM ndani. Stesheni za mjini zikianza kukwaruza huko mbele, hamia kwenye nyimbo ulizopakua kwenye ileile simu kuukuu.

Umeme usiuchukulie kirahisi. Simu inayochaji kwa volti 5 na ampea 2 inataka wati 10, na betri ya pikipiki inamudu bila shida injini ikiwa inafanya kazi. Fundi achukue umeme kwenye waya unaokatika ukizima swichi, si moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na pale umeme unapochukuliwa. Waya wa chaji ufungwe kwenye mkono wa holda kwa kibano, uache mkunjo mdogo karibu na simu. Usipofanya hivyo mtetemo uleule utakula tundu la chaji, na hilo nalo limeshanitokea.

Bei. Kila ukilalamika unaambiwa "ushuru, dada". Najua kuna ushuru, na najua VAT ni 18% na inapigwa juu ya thamani ikiwa na ushuru tayari. Basi nipe risiti ya EFD inayoonyesha hiyo kodi ninayolipishwa! Niliyenunua kwake hakunipa. Alinipa karatasi ya kuandika kwa mkono, na chini imepigwa muhuri: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Niliporudi na simu iliyokufa alinyoosha kidole kwenye muhuri huo bila kusema neno.

Kwa hiyo siku hizi siendi dukani kwa daladala. Naenda na pikipiki, na simu ya zamani mfukoni. Naomba holda ifungwe, niwashe injini, nirekodi maandishi ya ukuta wa jirani, ndipo nitoe hela. Wengi wanakataa, wanasema nitaichafua bidhaa. Hapa Dar, eneo la Gerezani, nimempata kijana mmoja aliyekubali, tena akashika simu mwenyewe na kuikuza video tuitazame pamoja. Maandishi yalijikunja. Akaingia ndani, akatoka na mkono mfupi zaidi, tukarudia, yakasomeka. Nililipa, nikapewa risiti, nikamwachia namba yangu anipigie vile vipande vya kufyonza mtetemo vikifika.