Tai wa mto Skagit: boti nililipia, tamasha niliona bure

Huu ni mwaka wangu wa saba Kent, jimbo la Washington, na kila Januari wenzangu kazini huniuliza kama nimeshaenda kuona tai wa Skagit. Safari hii nilikwenda, pamoja na shemeji yangu aliyetutembelea kutoka Mwanza. Tukalipia boti la mpira la kushuka mto kutoka Marblemount hadi Rockport, karibu dola 100 kila mmoja.

Miadi ilikuwa saa nne. Kwa kuogopa barafu barabarani, nilimtoa shemeji kitandani usiku wa manane, tukafika Rockport kabla hakujapambazuka. Woga huo ndio ulioiokoa siku.

Tuliegesha kwenye bustani ya Howard Miller Steelhead, ukingoni kabisa mwa mto. Kilichotupokea ni harufu. Samoni wa aina ya chum hupanda mto kutoka baharini, na kufikia Novemba na Desemba wanataga mayai, kisha wote wanakufa. Mizoga imelala kwenye changarawe, mingine imebaki vichwa tu. Shemeji akaziba pua: "Shemeji, samaki wa hivi kwetu tunamfukia. Nyie mnalipia?"

Kulipokucha nikaona kitu. Ng'ambo kulikuwa na miti iliyopukutika majani, na nilidhani matawi yamebeba mabonge ya theluji. Mabonge yakaanza kugeuka kutuangalia. Tuliwahesabu tai 23 bila kushuka garini, na usishuke kweli, maana gari hawalijali lakini mtu akitembea wanaruka. Mmoja alishuka akaburuta mzoga hadi mchangani, mara wakaja wawili wa rangi ya kahawia wakamnyang'anya. Shemeji akasema hao ni wa aina nyingine. Hapana, ni vijana wa ukoo uleule. Kichwa cheupe hukipata wakifika miaka mitano hivi. (Wamarekani wanamwita tai kipara, "bald eagle", manyoya yote yale!) Sauti yake, nasema bila upendeleo, ni aibu: analia kama kifaranga aliyepotezana na mama. Tai mla samaki wa Ziwa Victoria akiita, anasikika kisiwa cha pili.

Boti lenyewe liliingia majini saa tano. Nilikasirika, kumbe ni makusudi. Mwongozaji alieleza kwamba asubuhi ndege wanaachwa wale kwa amani, kwa sababu tai akishtuliwa kwenye baridi hii anapoteza nguvu alizozitafuta kwa shida. Wengi wao hutoka Alaska na Kanada, ambako mito imeganda. Yule mwongozaji alikuwa hazina. Alitusimulia jinsi DDT, dawa ya kuua wadudu, ilivyofanya maganda ya mayai yao kuwa membamba hadi ikapigwa marufuku Marekani mwaka 1972, na jinsi tai hawa walivyotolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2007. Ila kufikia saa hiyo walikuwa wameshashiba, wamekaa juu kabisa ya misonobari. Tuliona tisa, na wawili waliondoka tulipokaribia.

Lalamiko langu ni viatu. Kwenye simu kampuni iliniahidi gambuti za kila saizi. Tulipofika, ya shemeji haikuwepo. Akapanda na raba, boti likaingiza maji, na kwa saa mbili hakusema neno. Mwisho wa safari tulipewa supu ya moto, na nadhani supu hiyo ndiyo iliyomzuia kumpigia simu dada yake.

Natoa nyota tatu: mwongozaji tano, gambuti moja. Ukitaka kwenda, chagua kati ya mwisho wa Desemba na katikati ya Januari, na uulize kwanza kama mto umefurika, kwa sababu mafuriko huzoa mizoga na ndege hutawanyika. Usitegemee mamia pia, chum wamepungua miaka ya karibuni. Bebeni gambuti zenu.

Tukirudi nilikata kona hadi Fir Island, karibu na Conway. Mashamba yalikuwa meupe kwa mabata bukini wanaohama kutoka kisiwa cha Wrangel, Urusi. Shemeji alikuwa amelala, miguu mbele ya hita. Akafungua jicho moja: "Na hao wanakula nini?" Nikamwambia majani. "Afadhali," akasema, akalala tena.